Gobore la fataki la Marekani limeandikwa GOLCHER, nani alilitengeneza?

Mkazi_wa_Reading:
Wakuu habari zenu. Niko Pennsylvania, wiki iliyopita nimepata gobore la zamani kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Ni la fataki, yaani nyundo inagonga kikofia kidogo cha shaba kuwasha baruti, mtutu wa pembe nane, mrefu na mzito kweli, mbao yake imeishia katikati ya mtutu na ina michirizi kama ya chui milia. Kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia, hapo chini ya nyundo, pameandikwa GOLCHER. Muuzaji anasema huyo ndo fundi na nikikaza naweza kuliuza bei ya Hawken, zile bunduki za zamani zenye jina. Ni kweli? Na nilisafishe ling'ae au niliache?

Fundi_Baruti:
Mkuu kwanza kabisa, kabla ya bei, hakikisha halina risasi ndani. Haya ya kushindilia kwa mdomo yanakaaga na baruti miaka mia na zaidi na bado inawaka. Chukua kijiti kirefu, kiingize mpaka kigote, weka alama mdomoni mwa mtutu, kisha kilaze kijiti kwa nje uone kimefika wapi. Kikiishia inchi mbili tatu kabla ya pale fataki inapovalishwa, usiguse kitu, mpelekee fundi.

Sasa jina. Golcher ni jina la aliyetengeneza mtambo tu, siyo bunduki nzima. Mafundi wengi wa vijijini hawakufua mtambo wao wenyewe, walinunua dukani tayari, ya Golcher au iliyotoka Birmingham Uingereza, hata mitutu wengi waliagiza, Remington wa Ilion New York alikuwa anawauzia. Fundi anachonga mbao, anaunga, anapiga shabaha, halafu anaweka jina lake JUU YA MTUTU. Hapo ndo utazame.

BintiPwani:
Naongezea, angalia kama lilizaliwa gumegume, yaani la kuwashwa kwa cheche za jiwe, likageuzwa la fataki. Fataki ilianzia kwa mchungaji wa Scotland, Forsyth, aliyepata hataza 1807, na vile vikofia vya shaba vilipoenea watu hawakutupa bunduki zao, walimpelekea fundi akang'oa jiwe na sahani ya baruti akafunga nyundo mpya. Ukiona kwenye bamba matundu yaliyozibwa ujue ndo hivyo.

Na michirizi ya mbao iangalie kwa karibu sana. Henry Leman wa Lancaster, aliyeanza 1834 na kuuza bunduki nyingi sana kwa biashara ya Wahindi Wekundu, alikuwa anaipaka kwa rangi juu ya mbao isiyo na michirizi. Ya asili inacheza ukigeuza mbao kwenye mwanga, ya kupaka imetulia tu.

Mkazi_wa_Reading:
Asanteni sana. Kijiti kimefika mpaka mwisho, halina kitu. Matundu hamna. Michirizi inacheza. Juu ya mtutu nimefuta vumbi kwa kitambaa nikaona J.S. kwa herufi za kuandika mkono, basi. Kwa hiyo Hawken hapana?

Fundi_Baruti:
Hapana mkuu, na huyo muuzaji asikuchanganye. Jacob na Samuel Hawken walitoka Hagerstown Maryland lakini bunduki zilizowapa jina ni za St. Louis, na mhuri unasema hivyo juu ya mtutu. Jacob alikufa kwa kipindupindu 1849, Samuel akaendelea. Zilikuwa za wawindaji wa milimani, nzito, risasi nene, na kwa sababu zina bei ndo maana za kugushi zimejaa sokoni.

La kwako ni la fundi wa mtaani kwako huko, na mimi kwa moyo wangu naona hilo lina utamu kuliko mhuri wenye jina kubwa. Sensa ya 1850 na ya 1860 ziliandika kazi ya mtu, nenda chama cha historia cha kaunti, tafuta mafundi bunduki wenye herufi J.S. Kisha fungua zile kabari zinazoshika mtutu, taratibu, tazama chini yake, mara nyingi aliyefua mtutu kaacha mhuri hapo.

Kung'arisha usithubutu. Ile kahawia ya chuma ndo umri wake, ukiitoa na bei imeondoka. Pitisha mafuta mepesi kwenye chuma, mbao ifute kwa kitambaa kikavu, na tuwekee picha ya hizo herufi, mkono wa fundi unatambulika kwa jinsi anavyokunja S.