Tupeane uzoefu: Nane Nane kusini, begi mgongoni na hela ya mawazo

Mwanzisha mada

Wadau, kila mwaka ni yale yale. Agosti 6 usiku mtu anatupia kwenye grupu "kesho twende Kilwa", alfajiri watu wanne wako Rangi Tatu, Dar, na mabegi, hakuna aliyeuliza chochote. Wanaoijua njia ya kusini washushe nondo. Habari za nani alitapika kwenye basi tuziache. Tunataka gari, maji, vyumba na chakula.

Naanza na hesabu. Nauli ya kurudi itengwe siku mnayoondoka, ikae kwa mtu mmoja, isiguswe hata pweza akinukia vipi. Halafu idadi: muwe watatu au sita. Bajaji inabeba abiria watatu, kwa hiyo wanne mnalipa bajaji mbili ili mmoja akae peke yake kama waziri. Kusini mtapanda bajaji mara nyingi kuliko basi, na hapo ndipo mchango unapovujia.

Mdau wa Kilwa Masoko

Mabasi ya Lindi na Mtwara hayaingii Masoko. Mwambie konda unashuka Nangurukuru, na mkishapita Somanga mkumbushe tena. Hapo zinabaki kama kilomita 30, magari madogo yapo mchana kutwa lakini jioni yanapungua. Ukifika usiku utakodi.

Kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, kinakatwa Masoko kabla ya kuvuka. Kila mmoja awe na kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Weka hela kwenye simu tangu jana yake: siku ya sikukuu mawakala wanaishiwa floti mapema.

Sasa maji, na hapa ndipo wa bara wanapokwama. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, pwani hii bahari inajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na inakupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki mambo yanageuka: saa nne ndiyo maji yamejaa, ila ni maji mafu, tofauti yake ndogo.

Kwa hiyo siku za bamvua vukeni saa moja asubuhi. Mkichelewa hadi saa nne chombo hakisogei karibu, mnashuka kwenye tope viatu mkononi. Gereza (ngome ya kale) na Msikiti Mkuu viko karibu na mnaposhukia. Husuni Kubwa, magofu ya ikulu, iko mbali kidogo kwa miguu, upande wa mashariki, na hiyo ndiyo watu wanaikosa kwa kuchelewa. Wekeni saa tatu za kutembea na lita mbili za maji kila mtu. Rudini saa saba au saa nane, bahari ikiwa inajaa. Agosti ni kusi, na alasiri upepo unachachamaa. Mashua ya tanga itawalowesha hadi simu.

Bei ya chombo mpatane kabla hamjapanda, kwenda na kurudi, na malizieni malipo mkisharudi Masoko. Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu, waachieni wenye hela: ni mbali, na boti ya kukodi inakula bajeti ya siku mbili.

Mdau wa Lindi mjini

Nyongeza fupi. Maonyesho ya Nane Nane kanda ya kusini yako Ngongo, hapa hapa Lindi. Siku hizo guesti zimejaa wenye mabanda na watumishi. Msije saa mbili usiku mkitegemea bahati. Laleni Masoko au pitilizeni Mtwara, Lindi mshinde mchana tu.

Na jamani, guesti nyingi haziruhusu wanaume wawili chumba cha kitanda kimoja. Ulizeni chumba cha vitanda viwili kabla hamjagawana gharama vichwani.

Anayetaka kwenda Tendaguru kwa sababu ya dinosaria: waliochimba 1909 hadi 1913 walibeba mifupa, iko Berlin. Pale ni pori.

Mdau wa Mtwara

Msimbati, kule ufukweni, msiende kwa kukurupuka. Gari zinatokea Mtwara mjini, na swali la kwanza si nauli, ni "la mwisho kurudi linatoka saa ngapi?" Kule ni ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio. Njiani mnapita Madimba kwenye mitambo ya gesi: simu mfukoni, hakuna picha. Mpaka wa Msumbiji uko karibu, kitambulisho tena.

Mkiwa na siku moja tu, Mikindani inatosha. Ni kilomita kama 10 kutoka mjini, daladala zipo, na mji wa kale unauzunguka kwa miguu bila haraka.

Mdau wa hema

Hamjagusa hema. Hema linaokoa hela ya chumba, nakubaliana na wanaolisifia, ila pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, mwandikwe majina. Mlisimike juu ya mstari wa takataka kavu za mwani. Huo ndio mwisho wa maji ya jana, na kuelekea bamvua maji ya leo yatapanda zaidi. Agosti mchanga unapoa usiku, mkeka chini ya godoro la sponji ni lazima. Chandarua pia.

Mdau mpishi

Mchele robo tatu kilo unatosha watu wanne wenye njaa. Samaki nunueni asubuhi vyombo vikirudi, si jioni. Mwezi mpevu dagaa wanaadimika kwa sababu wavuvi wa taa hawatoki, kwa hiyo siku hizo msipange mboga ya dagaa. Ming'oko (mizizi ya porini kama viazi) ya kuchemsha ni rahisi, inashibisha, inakaa begini kutwa bila kuharibika. Pweza mbichi msimtie chumvi mwanzoni. Achemke kwa maji yake mwenyewe mpaka kijiti kizame, chumvi ndiyo ifuate.

Mwanzisha mada

Kuna aliyeuliza faragha kama Agosti 9 usafiri wa kurudi unapatikana. Unapatikana, ila kiti kinakatwa mkifika, si mkiondoka. Basi likitokea Mtwara limeshajaa, Nangurukuru mtapungiwa mkono.