Wakuu, nisaidieni kuzitambua ndege hizi tatu za Kisovieti kwenye filamu ya zamani

Mpenda_Anga: Habari zenu wakuu. Baba mdogo alisoma Moscow, na kwenye vitu vyake nimekuta filamu ya Kirusi ya nyeusi na nyeupe. Mwanzo umekatika, kwa hiyo jina wala mwaka sina. Inamfuata rubani mmoja tangu vitani hadi anaporusha abiria.

Ndege ya kwanza ina mabawa ya ghorofa, na marubani wamekaa wazi, mmoja nyuma ya mwenzake. Ya pili ina pangaboi mbili na ikiwa chini mkia umelala. Ningesema Dakota, ila abiria wanapandia kulia. Ya tatu ni jeti yenye pua ya vioo. Naomba majina, na namna ya kukisia mwaka.

Bawa_Refu: Ya kwanza iangalie puani. Ukiona silinda tano zimejipanga kwa duara bila kifuniko, hiyo ni U-2 ya Polikarpov, iliyoitwa Po-2 baada ya mbunifu wake kufariki 1944. Mbao na turubai, injini ya nguvu za farasi 100. Ndiyo waliyoirusha wanawake wa Kikosi cha 588 kuwapiga Wajerumani usiku, na kwangu hakuna ndege ya vita ile inayostahili heshima zaidi. Usiichanganye na An-2, ndege nyingine ya Kisovieti yenye mabawa ya ghorofa: hiyo ni ya 1947, kubwa, rubani yumo ndani, pangaboi lina mapanga manne.

Karakana: Mkuu, mlango wa kulia umeshakujibu. Hiyo ni Li-2, yaani DC-3 (ndiyo hiyo Dakota) iliyoundwa Umoja wa Kisovieti kwa leseni ya Marekani. Ingekuwa Il-14, ndege nyingine ya Kisovieti ya pangaboi mbili, ingesimama mlalo, maana ina tairi la puani.

Jeti, kama injini mbili zimezama kwenye mashina ya mabawa, ni Tu-104 au mdogo wake Tu-124. Tu-104 ilitokana na ndege ya mabomu, Tu-16, na vile vioo ni vya navigeta, yaani mwelekezaji wa njia.

Bawa_Refu: Kuhusu mwaka, simamisha picha usome namba ya usajili ubavuni. Baada ya CCCP (kifupi cha Kirusi cha Umoja wa Kisovieti), ukikuta herufi Л, iliyokaa kama paa la nyumba, na tarakimu nne, ni mtindo wa zamani, ulioachwa 1958. Baadaye zikawa tarakimu tano: 42 mwanzoni ni Tu-104, 45 ni Tu-124. Ila huo ni umri wa picha yenyewe; filamu inaweza kuwa ya baadaye, walichomeka sana vipande vya zamani.

Mpenda_Anga: Asanteni sana. Inasomeka CCCP-Л54, tarakimu mbili za mwisho zimezibwa na ngazi.

Karakana: Hiyo Л inatosha. Mtindo wake uliachwa 1958, na Tu-124 iliruka mara ya kwanza 1960, hivyo iondoe. Hiyo ni Tu-104, na kwa kuwa yenyewe iliruka mara ya kwanza 1955, kipande hicho kilipigwa kati ya hapo na 1958 au muda mfupi baadaye, maana kupaka namba mpya kulichukua muda.