Hawkwind ya leo: albamu mpya zina uzito, au turudi tu kwenye Space Ritual, albamu yao ya jukwaani ya 1973?

MgeniWaAnga ameuliza:

Salamu kwenu wapenzi wa roki ya saikedelia. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiisikiliza Hawkwind kwa kufuata miaka, kuanzia albamu yao ya kwanza ya 1970, nami nimefika Warrior on the Edge of Time ya 1975 na kukwama hapo. Sikukwama kwa kuchoka. Nilitamani kuonja mwisho wa safari kabla ya kuifikia, nikaruka hadi miaka ya karibuni, na huko nikakutana na rundo la kazi ambalo sikulitarajia: tangu 2016 hadi 2025 haukupita mwaka pasipo kutoka albamu, ilhali kundi lenyewe lilianzishwa London mwaka 1969 na kiongozi wake, Dave Brock, alizaliwa 1941. Makundi mengi ya rika lao yanapofunga safari ya maonyesho huishi kwa nyimbo zile zile ambazo watazamaji walizikariri ujanani, na albamu mpya, ikitokea, huwa kisingizio tu cha kutangaza ziara. Hawkwind wao hupanda jukwaani na nyimbo mpya, tabia ambayo nadhani imewajia uzeeni.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. La kwanza, je, albamu hizi za karibuni zinaweza kusimama kwa miguu yake zenyewe? La pili, kundi ambalo Brock ndiye mwasisi pekee aliyebaki ndani yake, ni haki kuliita Hawkwind?

SanturiKuukuu amejibu:

Ndugu, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo jepesi. Ukisubiri Hawkwind yenye watu wake wa asili, utajikuta huna Hawkwind hata ya 1972. Lemmy, mpiga besi ambaye wengi humtaja kana kwamba alizaliwa ndani ya kundi hilo, aliingia 1971 na kutimuliwa 1975, baada ya kukamatwa mpakani mwa Kanada wakiwa ziarani, kisha akaenda kuunda kundi lake la roki nzito, Motörhead. Mshairi Robert Calvert aliingia na kutoka zaidi ya mara moja. Hata Ginger Baker alipiga ngoma kwenye albamu ya Levitation ya 1980, kisha akaenda zake. Kwa upande mwingine, mpiga ngoma wa leo, Richard Chadwick, yumo tangu 1988, yaani amekaa muda mrefu mara kadhaa kuliko Lemmy, na bado wapo wanaomwita mgeni! Nakiri kwamba jambo hilo hunikera.

Kinacholifanya kundi hili liwe lenyewe ni namna ya kupiga. Brock alikuwa mwanamuziki wa mitaani kabla ya 1969, na gitaa lake limebaki na tabia ile ya mtu anayetaka kuwasimamisha wapita njia: kipande kifupi, kizito, kinachorudiwa hadi msikilizaji asahau kilianza lini, huku milio ya sinthesaiza ikipita juu yake kama upepo. Lemmy naye alikuwa mpiga gitaa aliyekabidhiwa besi, akaipiga kwa kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, badala ya noti moja moja, na ndiyo maana Silver Machine, aliyoiimba jukwaani katika ukumbi wa Roundhouse mwaka 1972 ikafika nafasi ya tatu Uingereza, ina mngurumo ule. Ukiisikia namna hiyo ya kujirudia katika kazi za leo, basi umeisikia Hawkwind, awe nani anayeipiga.

UsikuMrefu amejibu:

Nakubaliana na mzee SanturiKuukuu kuhusu jina, nami nichukue swali la albamu. Anza na The Machine Stops ya 2016. Imejengwa juu ya hadithi fupi ya E. M. Forster ya 1909, inayohusu binadamu wanaoishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, wakihudumiwa kwa kila kitu na mashine moja kubwa. Kundi lililoanza kuimba kuhusu anga na upweke wa mashine tangu enzi za Calvert halikuhitaji kujilazimisha ili kuingia katika hadithi hiyo, na unaisikia raha waliyokuwa nayo.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye Somnia ya 2021, ambayo mada yake ni usingizi na kukosa usingizi. Usiipige ukiwa na shughuli nyingine, kwa sababu nyimbo zake zinaungana na kupoteana kama ndoto, na anayeisikiliza kwa vipande ataiona haina kichwa wala miguu. Mwaka uliotangulia walitoa Carnivorous kwa jina la Hawkwind Light Orchestra, na jina la albamu hiyo ni herufi za neno coronavirus zilizopangwa upya. Mzaha mdogo, lakini unaonyesha watu ambao bado wanautazama ulimwengu wa nje ya dirisha lao.

Road to Utopia ya 2018 iache mwisho. Ni nyimbo za zamani zilizopangiwa ala za okestra na Mike Batt, na Eric Clapton anasikika humo, ila kwangu mimi ilikuwa kama kumvisha suti mtu aliyezoea kanzu.

BesiNzito amejibu:

Naona tunampa mgeni wetu sifa tupu, kwa hiyo niseme upande wa pili. Albamu hizi ni ndefu mno. The Future Never Waits ya 2023 na Stories from Time and Space ya 2024 zina nyimbo nzuri ndani yake, lakini kila moja ingepunguzwa robo isingepoteza kitu. Enzi za santuri, nafasi ndogo ya kila upande ilikuwa ikiwafanyia kazi ya mhariri. Leo hakuna anayewaambia kwamba kipande fulani cha sinthesaiza kilikwisha sema yake dakika mbili zilizopita.

Halafu marekebisho madogo kwa SanturiKuukuu: muziki wa Silver Machine ulirekodiwa Roundhouse Februari 1972, lakini aliyeimba jukwaani usiku ule alikuwa Calvert. Sauti ya Lemmy iliwekwa baadaye studioni.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo muulizaji amelipindua. Anadhani kwamba kupiga nyimbo mpya ziarani ni tabia ya uzeeni. Hebu itazame Space Ritual, ambayo sote tunaichukulia kuwa kilele chao cha jukwaani. Ilirekodiwa Liverpool na Brixton mwezi Desemba 1972, ikatoka 1973. Sehemu kubwa ya nyimbo zake inatoka Doremi Fasol Latido, albamu iliyokuwa imetoka mwezi mmoja tu kabla, na nyingine hazikuwa zimetokea kwenye albamu yoyote. Silver Machine, ambayo mapato yake ndiyo yaliyogharimia ziara ile, taa zake na wacheza densi wake, haimo kabisa katika santuri mbili za toleo la awali la Space Ritual. Kwa maneno mengine, watu waliojaza kumbi zile walikwenda kwa ajili ya wimbo maarufu, wakapewa zaidi ya saa nzima ya muziki ambao hawakuwa wameuzoea. Brock anayepanda jukwaani leo na nyimbo za mwaka huu anafanya kile kile.

SanturiKuukuu amejibu:

Marekebisho yamepokelewa, nami nastahili aibu kidogo, kwa kuwa nimelirudia kosa hilo kwa miaka. Kuhusu urefu wa albamu sikubaliani nawe. Kujirudia ndiyo kazi yenyewe. Anayetaka muziki huu ufupishwe ni kama anayetaka bahari ipunguzwe maji.

MgeniWaAnga amejibu:

Nawashukuru nyote. Kumbe Space Ritual nimeisikiliza zaidi ya mara kumi nikidhani ni mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha pendwa! Nitaanza na The Machine Stops, kisha Somnia. Je, mnashauri nisikilize pia rekodi ya onyesho lao la Royal Albert Hall la 2023?

BesiNzito amejibu:

Isikilize, ila isubiri hadi umalize albamu za studio ulizozitaja, ili utambue ni zipi walizozichukua hadi jukwaani na ni zipi walizoziacha nyumbani. Brock alikuwa na miaka 82 usiku ule. Na Spirit of the Age, wimbo alioutunga na Calvert na uliotoka 1977, ukikutana nao popote katika rekodi zao za miaka ya karibuni, upige kwa sauti ya juu, hata kama majirani wako ni watu wa heshima.