FP92A imerudishwa, kijana ana CF

Mama Rahma, Leicester:
Asalaam aleikum. FP92A ya kijana, fomu ya kuomba msamaha wa kulipia dawa England, imerudishwa. Ametimiza miaka 19, sistiki faibrosisi (CF), ugonjwa wa kurithi wa ute mzito unaoziba mapafu na kongosho, haimo kwenye orodha ya msamaha, na sasa tumeletewa faini ya Creon (kapsuli za vimeng'enya vya kusaga chakula) na vitamini alizochukua bila kulipia. Nilipe kwanza, au rufaa kwanza?

Zuhura, Glasgow:
Waaleikum salaam, dada. Huku Scotland dawa ni bure tangu 2011, Wales tangu 2007. Orodha ya England ni ya 1968, enzi ambazo watoto wengi wenye CF hawakufika utu uzima. Inauma kwamba mpaka leo haijarekebishwa. Chukua PPC, cheti cha kulipia dawa zote mapema, leo hii: £114.50 kwa mwaka badala ya £9.90 kwa kila dawa.

Idi, Reading:
Zuhura, umeiruka CFRD, kisukari kinacholetwa na CF. Akiwa na kisukari kinachotibiwa kwa insulini, FP92A inapita kwa kigezo hicho. Dada, uliza kama OGTT ya mwaka huu, kipimo cha sukari baada ya kunywa glukosi, imefanyika. Na asibane Creon kwa ajili ya bei: mafuta yasiposagwa yanatoka na vitamini A, D, E na K.

Mama Rahma:
Habani, kaka. Ila akila wali wa nazi tumbo humsokota na choo kinaelea, kina mafuta. Anameza Creon mbili za uniti 10,000.

Idi:
Soma kopo la tui. Likiandikwa gramu 15 za mafuta kwa ml 100, kopo la ml 400 lina gramu 60. Sahani nne, gramu 15 kila moja. Kama mtaalamu wake wa lishe amempangia kapsuli moja kwa gramu 5, hapo ni tatu, kabla hujahesabu samaki wa kukaanga. Jumla ya siku isivuke uniti 10,000 za lipase, kimeng'enya cha kusaga mafuta, kwa kilo ya uzito.

Bi Saada, Coventry:
Wengine hufungua kapsuli wakanyunyiza chembe zake kwenye uji wa maziwa. Msifanye hivyo! Joto linaua vimeng'enya, na maziwa yanayeyusha ganda la chembe kabla hazijafika utumbo mdogo. Tumieni kijiko cha tufaha lililopondwa, ameze bila kutafuna, anywe maji.

Zuhura:
Na mkienda Tanga Desemba? Jasho la CF linatoa chumvi nyingi mno. Nakumbuka lile joto la mtaa wa Ngamiani mchana...

Idi:
Timu yake impangie chumvi ya ziada kabla ya safari. Creon ikae chini ya nyuzi 25, ndani ya mkoba wa mkononi, isiachwe kwenye gari.