UZI WA MALALAMIKO: Wanapiga ubao juu ya vigae vya Mary Blair, halafu wanaita "maboresho"

VigaeNaLipu (mleta uzi)

Wakuu,

Nimechoka na hii kauli ya "usijali, kazi ya zamani bado ipo nyuma ya ukuta mpya". Kila bustani kubwa ya burudani ikifumuliwa, mashabiki wakiuliza mchoro wa asili umekwenda wapi, mtu anatupa jibu hilo na wote wanashusha pumzi. Mnashusha pumzi ya nini? Mnajua ubao unavyofungwa ukutani?

Tuanze na Disneyland, Anaheim, California. Mwaka 1967 eneo la Tomorrowland lilijengwa upya, na Mary Blair, yule msanii aliyeipa It's a Small World (safari ya mashua ya Disney) sura yake kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964, akapewa kuta mbili zinazotazamana pale njia inapoingia. Zote zikavikwa vigae vya kauri vyenye watoto wa mataifa, rangi zinagongana lakini hazigombani. Kila ukuta ulikuwa na urefu wa karibu mita 16. Ule wa kusini ulifichwa wakati wa kuandaa mtambo wa Star Tours, uliofunguliwa Januari 1987. Wa kaskazini ukafuata kwenye ukarabati wa 1998.

Na hapo 1998 ndipo povu linaponitoka. Jengo la ukuta wa kaskazini lilikabidhiwa mtambo wa magari uitwao Rocket Rods, likawa sehemu ya foleni yake. Rocket Rods ilianza Mei 1998, ikasimama Septemba 2000. Kazi iliyodumu ukutani miaka thelathini na kitu ilipisha foleni ya mtambo ambao haukumaliza hata miaka 3! Mtambo ukaondoka, vigae havikurudi. Blair mwenyewe alifariki 1978, kwa hiyo hata wa kuja kugonga meza ofisini kwao hakuwepo.

Sasa niseme kitaalamu "kufunika" maana yake nini. Chukua ukuta wa mita 16 kwa mita 4.7, ambao ndio ukubwa tunaouzungumzia. Fundi wa kawaida akipewa kazi ya kuuvika ubao mpya anasimamisha chaneli za chuma kila sentimita 40. Hizo ni chaneli 41. Kila chaneli anaikamata kwa skrubu na plagi kila sentimita 60 kwenda juu, yaani sehemu 9. Zidisha: matundu 369. Sisemi ndivyo ilivyopigwa Anaheim. Nasema hiyo ndiyo hesabu ya fundi yeyote wa jipsamu asiyeambiwa vinginevyo, awe Orlando au Kariakoo.

Tundu lenyewe si tatizo dogo. Drili ikiwa kwenye nyundo, ncha inapogusa ule utando wa kioo juu ya kigae haitoboi, inapasua. Tundu la milimita 8 linakuachia kovu la sentimita 2 hadi 3 lililobanduka kama ganda la yai, na mara nyingi ufa unakimbia hadi kwenye pembe. Ukigeuka kutafuta kigae cha kuziba, hakipo. Rangi ile ilichomwa kwenye tanuru kwa kundi moja, na ukichoma kundi jingine leo, bluu haitakuwa ile bluu.

Halafu kuna maji. Utando wa kioo haupumui. Unyevu ulioko nyuma ya vigae hutokea kwenye viungo tu. Ukishaubana ukuta kwa ubao bila nafasi ya hewa, maji yanatafuta njia iliyo rahisi, nayo ni yale matundu yako mapya. Yanatoka yamebeba chumvi ya saruji, chumvi inakauka pembeni mwa tundu, inavimba, inasukuma utando wa kioo kutoka ndani. Ule unga mweupe mnaouona kwenye kuta za bafu ndio huo huo. Ukija kufungua baada ya miaka 25 utakuta kila skrubu imevaa pete ya kigae kilichochunika.

Na huyo ni fundi mwenye huruma. Asiye na huruma anabandika paneli kwa gundi ya ujenzi moja kwa moja. Siku ya kuitoa inaondoka na uso wa kigae. Mwingine anapaka rangi juu, na kwa kuwa rangi haishiki kwenye kioo, anapitisha msasa kwanza. Baada ya msasa hakuna thina wala dawa itakayorudisha ule mng'aro, kwa sababu rangi imeondoka lakini kioo pia kimekwaruzwa.

Wengine mtasema wangevitoa tu. Nakubali, ila msidhani ni kazi ya patasi na ndoo. Vigae vya zama zile vilikuwa vikilazwa kwenye kitanda kinene cha saruji, na baada ya miaka 20 saruji inakishika kigae kuliko kigae kinavyojishika chenyewe. Ukichokonoa, kinavunjika kabla hakijaachia. Njia yenye matumaini ni kukata nyuma ya kitanda kizima:

Kwanza unapiga picha kila mita ya mraba ukiwa na kadi ya rangi ndani ya picha, na kila kigae kinapewa namba kwenye ramani. Unasafisha mafuta na masizi. Unavika uso kwa karatasi laini ya Kijapani na shashi juu yake, ukitumia gundi inayoweza kuyeyushwa baadaye, kwa mfano Paraloid B-72 ndani ya asetoni. Unachagua viungo vya kukatia, vile visivyopita kwenye uso au mkono wa mtoto aliyechorwa, unakata kwa diski nyembamba ya almasi. Kisha waya wa almasi unapita nyuma na kutenganisha kitanda na ukuta, vipande vya mita moja kwa moja.

Kila kipande kina kama kilo 100, ukihesabu kigae na sentimita 4 za saruji. Ukuta mzima ni mita za mraba 75, kwa hiyo tani 7 na nusu. Kabla hujalegeza hata kimoja unahitaji fremu ya chuma na plaiwudi ya milimita 18 iliyokwisha kukishika kwa mbele. Baadaye unasaga saruji kwa nyuma na kukilaza kwenye paneli nyepesi ya aluminiamu. Ni miezi ya kazi, na pesa. Lakini hawa ni watu wanaohamisha mito bandia na kujenga milima. Wasituambie tani 7 zimewashinda.

Linganisheni na Florida. Ndani ya hoteli ya Contemporary, ya Disney huko huko, kuna kazi ya Blair huyo huyo, ya 1971, ina urefu wa mita 27 kwenda juu na vigae 18,000, na mbuzi wa miguu mitano aliyechorwa humo bado anawatazama abiria wa monoreli. Imepona kwa sababu imezunguka mnara ulio katikati ya jengo, na hakuna aliyewahi kutaka kupitisha foleni pale. Bahati ya mahali, basi.

Nisimalize bila kutaja Horizons, safari ya maonyesho kule EPCOT, bustani nyingine ya Disney Florida, iliyofunguliwa 1983. Mwishoni mwa safari kulikuwa na mchoro mkubwa wa Robert McCall, yule aliyechora ukuta wa ukumbi wa makumbusho ya anga Washington mwaka 1976. Horizons ikafungwa Januari 1999, jengo likavunjwa, mtambo wa Mission: SPACE ukajengwa palepale. Mchoro haukurudi.

Patasi_Butu

Mleta uzi umeongelea kuta, mimi niongezee farasi wa bembea za mviringo, maana huko ndiko uharibifu unapofanyika huku watu wanapiga makofi.

Farasi wa zamani wa Kimarekani, wa karakana kama ya Dentzel au Philadelphia Toboggan Company, wamechongwa kwa mbao laini, mwili ni sanduku lililo tupu ndani, miguu imeunganishwa kwa gundi na vijiti. Kila msimu bustani ilikuwa ikipaka rangi nyingine juu. Kwa hiyo farasi mmoja anaweza kuwa na matabaka 20, na la chini kabisa ndilo la karakana, lenye vivuli, dhahabu ya karatasi na maua yaliyopakwa kwa mkono.

Anakuja mtu wa "ukarabati" anamtumbukiza farasi mzima kwenye pipa la dawa ya kutoa rangi. Siku moja kazi imekwisha, mbao nyeupee, kila mtu anafurahi. Rangi ya karakana imekwenda na maji, gundi ya viungo imelainika, mbao zimenyonya dawa, na baada ya mwaka rangi mpya inaanza kuchubuka kutoka ndani. Njia sahihi ni kufungua dirisha dogo la sentimita 2 kwa kisu cha upasuaji, tabaka kwa tabaka, ujue kuna nini, kisha kushuka taratibu hadi rangi ya kwanza. Ukiifikia unaipiga picha, unaichora ramani, unaipaka vanishi ya kuitenga, na rangi ya kuwabebea watoto inapakwa JUU ya vanishi hiyo. Wa baadaye akitaka anaweza kurudi chini.

Ujanja mwingine ni kuchukua ukungu (kalibu) wa farasi, kumwaga nakala ya faiba, kuweka nakala kwenye bembea na kupeleka yule wa mbao mnadani. Mgeni hajui. Ila gonga shingo kwa kifundo cha kidole. Mbao inajibu kwa sauti nene, faiba inalia kama ndoo.

Na isiwe kisingizio kwamba haiwezekani. Glen Echo, Maryland, bustani ilifungwa 1968, wakazi wakachanga dola 80,000 mwaka 1970 kuinunua bembea yao ya Dentzel ya 1921. Bado inazunguka palepale.

Hoja_Tu

Povu jingi mkuu. Ni ukuta wao, pesa yao, kazi waliilipia. Mnataka mtu aombe ruhusa kubadilisha nyumba yake?

VigaeNaLipu (mleta uzi)

Mkuu Hoja_Tu, kisheria uko karibu na ukweli, na ndiyo sababu nimeandika kwa hasira. Marekani ina sheria ya 1990 ya haki za wasanii wa kazi za kuonekana. Kama mchoro unaweza kuondolewa bila kuharibika, mwenye jengo anatakiwa kumpa msanii notisi ya siku 90 aje auchukue. Lakini kazi iliyofanywa na mwajiriwa kwa ajili ya mwajiri haimo kabisa, na sheria ilianza kufanya kazi 1991. Vigae vya 1967 vilivyoagizwa na kampuni havina pa kushika.

Pale sheria inapomgusa mwenye jengo, inauma kweli. Uliza 5Pointz, jengo la michoro ya graffiti kule Queens, New York. Mwenye jengo alipaka rangi nyeupe juu ya michoro usiku wa Novemba 2013 bila kuwapa wasanii notisi. Mwaka 2018 mahakama ikamtoza dola 150,000 kwa kila kazi, kazi 45, jumla dola milioni 6.75. Angetoa notisi na kusubiri iishe, hadithi ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo ndiyo, ni ukuta wao. Ila wasituuzie tena fulana na vikombe vyenye picha ya vigae walivyovifunika wenyewe.

Mchanga_Mwembamba

Wote mmesahau sanamu zinazojisogeza kwa mitambo. Marc Davis, msanii wa Disney, alibuni wanyama wa America Sings, onyesho la sanamu zinazoimba pale Disneyland, 1974. Ikafungwa 1988, wengi wao wakahamishiwa mtambo wa maji wa Splash Mountain ya California 1989. Watu wakasifu: wameokolewa! Mei 2023 Splash ikafungwa nayo, na Tiana's Bayou Adventure iliyochukua nafasi yake 2024 ina sanamu mpya. Kuhamisha kulinunua miaka 34 tu.

Na hata ukimpata mmoja, ngozi ya mpira inakauka na kupasuka kwenye midomo na kope kwanza, kwa sababu ndipo inapokunjwa maelfu ya mara kwa siku. Mifupa ya chuma itabaki, sura itaondoka. Anayetaka kuhifadhi achukue ukungu wa sura na vipimo vya kila kiungo SIKU YA KUFUNGA, kabla umeme haujazimwa, maana mkao wa sanamu isiyo na hewa kwenye mabomba sio mkao aliouchora Davis.

FundiJipsamu_Tmk

Mleta uzi, swali la kazi. Mteja amesema lazima ukuta wenye vigae vya sanaa ufunikwe, hana mpango wa kuvitoa. Fundi afanyeje asiwe muuaji?

VigaeNaLipu (mleta uzi)

Swali zuri mkuu. Usiuguse ukuta. Simamisha fremu inayojitegemea, chaneli ya chini imefungwa sakafuni na ya juu kwenye paa, acha sentimita 10 za hewa nyuma, na toboa matundu ya kupumulia chini na juu, uyawekee wavu wa wadudu. Mteja atalalamika kwamba umemla nafasi ya foleni, mwambie ni sentimita 15 hadi 20 tu na ubao wenyewe.

Kama fremu inayumba na lazima uikamate katikati, toboa kwenye kiungo, pale vigae vinne vinapokutana, usitoboe katikati ya kigae. Ncha ya almasi ya milimita 5, nyundo ya drili imezimwa, maji yanadondoka taratibu. Weka alama za matundu hayo kwenye mchoro, mchoro uufunge kwenye mfuko wa plastiki, uubandike upande wa ndani wa ubao wa kwanza kushoto, usawa wa macho.