Kasuku wangu amekuwa kama bendera

Wadarizi wenzangu, nadarizi kasuku mwekundu juu ya ua la haibiskasi. Bawa nimelijaza nyekundu moja tu, nyuzi zote 6 nyembamba za uzi wa kudarizi pamoja, na limelala bapa kama bendera. Nifumue?

— Fumua, pole. Tenganisha uzi, utumie nyuzi 2. Begani weka damu ya mzee, kisha nyekundu, nchani rangi ya chungwa. Mishono mirefu na mifupi ipishane, ikifuata manyoya yanakolalia.

— Na ua lisiwe jekundu, litammeza ndege! (Nilishaharibu foronya hivyo.) Litie waridi hafifu, chavua iwe vifundo vya njano.

— Nimefumua, vidole vinauma. Jicho je?

— Jeusi, na nukta moja nyeupe. Lidarizi mwisho.