Marumaru ya sebuleni imefubaa, na siki nimeshamwaga. Naombeni ushauri

Mama Pacha: Wakuu habarini. Sakafu yetu ni marumaru nyeupe, ya zamani. Chini ya makochi inang'aa mpaka unajiona, ila njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni imefubaa kabisa. Nikasikia siki inaondoa ukungu. Nilipomwaga ikatoa vipovu, nikafurahi nikidhani uchafu unatoka. Ilipokauka nikakuta mabaka meupe, ukipitisha kiganja yanakwaruza. Nikapaka nta, siku mbili tu, mabaka yakarudi. Fundi anasema tuing'oe tuweke vigae. Kuna namna ya kuiokoa? Natanguliza shukrani.

Kigae Kimoja: Hakikisha kwanza ni marumaru kweli. Siku hizi kila kigae kinachong'aa tunakiita marumaru.

Fundi Mstaafu: Vipovu vimeshajibu hilo, kigae cha kuchomwa hakitoi vipovu kwa siki. Dada, kilichokuwa kinatoka si uchafu, ni jiwe lenyewe. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, ikikutana na tindikali inalika. Hayo mabaka ni vidonda, ndiyo maana nta inayafunika tu. Msing'oe! Jiwe ni lile lile mpaka chini, linasuguliwa likarudi.

Toa nta yote kwanza. Kisha sugua kwa pedi zenye chembe za almasi, kwa maji, toka inayokwaruza kwenda laini. Kama ukipitisha ukucha haunasi popote, anza na namba 400, kisha 800, 1500, 3000. Ukinasa, anzia 200 au chini zaidi. Usiruke namba: mkwaruzo wa 200 hauondolewi na 1500, utaung'arisha tu uonekane vizuri. Na kila ukibadilisha pedi futa tope lote, chembe moja ya pedi iliyopita inakurudisha mwanzo. Mwisho ni poda ya kung'arishia marumaru. Baka dogo unaweza mwenyewe kwa mkono. Sebule nzima mtafute mwenye mashine ya sakafu. Grinda mikononi mwa asiyeizoea inachimba mabonde, na utayaona kila jua likiingia dirishani.

Mama Pacha: Asante sana. Na ile dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe? Niliambiwa nikipaka, hata siki haitagusa tena.

Fundi Mstaafu: Hapo ulidanganywa. Inazuia mafuta na rangi visinywewe, tindikali haiizuii. Ndimu itaunguza vile vile. Dondoshea maji, subiri dakika 15. Pakiwa peusi, jiwe linakunywa, paka.

Binti Deki: Mie nasema adui mkubwa ni mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru ni 3 hivi, kwazi (quartz), madini yaliyomo mchangani, ni 7. Ndiyo maana njia imekufa na chini ya makochi bado kunang'aa. Weka zulia mlangoni, fagia kwa ufagio laini kabla ya deki. Sabuni iwe isiyo na tindikali wala ukali, kidogo tu, halafu maji matupu, halafu kausha. Doa la mafuta mie nililitoa kwa soda ya kuokea, nikaikoroga nzito kama uji, nikaifunika nailoni usiku kucha. Nilirudia mara mbili.

Mama Pacha: Nimerudi. Nimetoa nta, nimedondosha maji. Chini ya kochi tone limesimama kama shanga. Njiani pamekuwa peusi kabla sijamaliza kupokea simu. Fundi nimemwambia nyundo aiache kwake.